Baba Asiyeandikwa: Nasaba, Ukweli na Kukubaliwa Mlima Kenya

Nasaba, yaani mfuatano wa vizazi unaomfunga mtu na waliomtangulia, huonekana kwanza kuwa suala la kumbukumbu tu: fulani alizaliwa na nani, lini na wapi. Lakini katika Nyeri, Karatina, Nanyuki, Embu na Meru, anayeanza kuandika habari za ukoo wake huweza kufika, katika kizazi cha tatu au cha nne kurudi nyuma, kwa mtu ambaye mama yake anatajwa na baba yake hatajwi, au ambaye wazee wawili wanamtajia baba wawili tofauti. Hapo suala la kumbukumbu hugeuka kuwa suala la dini na falsafa, kwa maana mtafutaji hulazimika kujiuliza mtu asiyejulikana baba yake amepungukiwa na nini hasa, na kizazi chake kilichokuja miaka mia moja baadaye kina wajibu gani kwake. Insha hii inashikilia kwamba ubaba husimama juu ya nguzo mbili, kuzaa na kukubali. Kwamba mila za Mlima Kenya, Injili na Kurani zinazitambua nguzo zote mbili. Na kwamba anayemtafuta mhenga wa namna hii anapaswa kuitafuta kweli ya damu kadiri inavyopatikana, bila kumnyima mhenga huyo nafasi yake katika ukoo pale kweli hiyo isipopatikana.

Ugumu wa kwanza wa utafutaji huu unatokana na utaratibu wa majina. Kwa desturi ya Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili hupewa la babu mzaa mama, binti wa kwanza huitwa kwa jina la nyanya mzaa baba, wa pili kwa jina la nyanya mzaa mama, kisha hufuata majina ya ndugu za wazazi. Majina yaleyale basi huzunguka ndani ya ukoo, na mabinamu watatu wanaolingana umri wanaweza wote kuitwa Mwangi kwa kuwa babu yao ni mmoja, jambo linalomfanya msomaji wa daftari la zamani awachanganye kwa urahisi. Hata hivyo utaratibu huohuo humpa mtafutaji dalili asizozipata kwingine. Mwanamke aliyezaa kabla ya kuolewa alimpa mwanawe wa kwanza wa kiume jina la baba yake mwenyewe, hivyo kitukuu akikuta kwamba kifungua mimba wa nyanya fulani alibeba jina la upande wa mama, na hakuna ndugu yeyote aliyebeba jina la upande wa pili, ana sababu ya kudhani kwamba upande huo wa pili haukuwapo wakati wa kutoa majina.

Dalili hiyo inahitaji kupimwa. Huenda mtoto wa kwanza wa kiume alikufa akiwa mchanga, na aliyeonekana kuwa wa kwanza alikuwa wa pili, ambaye jina la upande wa mama lilikuwa haki yake ya kawaida. Vivyo hivyo, mtu aliyejulikana kwa jina la mama yake, kama vile Kariuki wa Wanjiku, si lazima awe mtoto asiye na baba, kwa sababu katika nyumba ya wake wengi watoto walitofautishwa kwa majina ya mama zao huku baba wa wote akijulikana na kila mtu. Njia moja ya kuukadiria wakati ni rika, yaani kundi la watu waliotahiriwa pamoja na kupewa jina linalokumbusha tukio la mwaka huo. Ni kwa kutegemea masimulizi na marika ya namna hii kwamba mwanahistoria Godfrey Muriuki aliandika kitabu chake cha 1974 juu ya historia ya Wakikuyu kati ya 1500 na 1900.

Wakati mmoja katika historia hiyo unastahili kuangaliwa kwa karibu, nao ni mwisho wa karne ya 19, ambapo ukame, nzige, maradhi ya ng'ombe na ndui vilifuatana na kuleta njaa kubwa ya miaka ya 1898 na 1899, inayokumbukwa kwa jina la Ng'aragu ya Ruraya, yaani njaa ya Ulaya. Familia zilitawanyika kutafuta chakula, na wanawake na watoto walipokewa na jamii nyingine kwa kubadilishana na chakula, wengine wakaolewa hukohuko na wengine wakarudi mvua iliponyesha. Pamoja na hayo, Wakikuyu wa Nyeri na Wamaasai wa nyanda za Laikipia walikuwa wameoana, wamefanya biashara na wametekana kwa muda mrefu. Mtoto aliyezaliwa katika miaka hiyo huenda alikuwa na baba Mmaasai, Mkamba au Mkikuyu wa bonde jingine, na mama yake alijua, lakini hapakuwa na karani wa kumwuliza, na kuna mambo ambayo mwanamke aliyenusurika njaa aliona heri asiwasimulie watoto wake.

Maandishi yalikuja muda mfupi baadaye. Wamisionari wa Consolata, shirika la Kikatoliki kutoka Turin nchini Italia, walifika Tuthu katika Murang'a mwaka 1902 na baada ya muda mfupi wakajenga misheni Nyeri; katika mwongo uleule Wapresbiteri wa Uskoti walifungua kituo cha Tumutumu karibu na Karatina. Madaftari ya ubatizo ya misheni hizo ni miongoni mwa kumbukumbu za kwanza zilizoandika majina ya watu wa kawaida mmoja mmoja katika eneo hili, na kwa upande wa Wakatoliki yaliandikwa kwa Kilatini: tarehe, jina jipya la Kikristo, jina la nyumbani, majina ya wazazi, msimamizi wa ubatizo na padri aliyebatiza. Miaka ya kuzaliwa ya watu wazima ilikisiwa, na jina moja la Kikikuyu liliweza kuandikwa kwa namna moja na Mwitaliano na kwa namna nyingine na Mskoti.

Katika madaftari ya aina hii mtafutaji huweza kukutana na maneno yanayosema kwamba baba hajulikani, na ni muhimu aelewe maana yake kabla ya kuumia moyo. Msimbo wa Sheria za Kanisa wa 1917 uliagiza katika kanuni ya 777 kwamba kwa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, jina la mama liandikwe ikiwa umama wake unajulikana hadharani, au ikiwa mwenyewe ameomba kwa hiari, kwa maandishi au mbele ya mashahidi wawili. Jina la baba liandikwe ikiwa yeye mwenyewe ameomba kwa hiari, au ikiwa anajulikana kwa hati rasmi. Pasipo hayo, mtoto aandikwe kuwa wa baba asiyejulikana. Kwa Mwafrika wa Nyeri wa wakati huo hati rasmi ya kuthibitisha ubaba ilikuwa karibu haiwezekani kupatikana, kwa kuwa usajili wa lazima wa vizazi, ulioanza kwa Wazungu mwanzoni mwa karne ya 20 na kufuatia kwa Waasia, uliwafikia Waafrika kuanzia 1963, wilaya baada ya wilaya, hadi 1971. Ilibaki njia moja tu, nayo ni baba mwenyewe kukiri kwa padri. Asipofanya hivyo, kwa sababu amekufa, au amekataa, au ni mpagani asiyetaka kuingia misheni, au ni mume wa wake wengi ambaye ndoa yake haikutambuliwa, kalamu iliandika kwamba hajulikani, hata kama kijiji kizima kilimjua. Neno hilo ni kipimo cha ushahidi uliofikishwa mezani, na halikuwa kamwe hukumu juu ya mwenendo wa mama.

Kumbukumbu nyingine zina mapengo ya namna nyingine. Kipande, cheti cha utambulisho kilicholazimishwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kiliandikiwa wanaume peke yao, kikatiwa ndani ya kikasha cha chuma na kuvaliwa shingoni, hivyo nyanya aliyeijua siri ya ukoo hayumo katika orodha zake. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa jeshi, ambao kikosi chao kiliacha jina katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, walikufa katika vita hivyo, na baadhi yao walipewa jina jipya katika saa yao ya mwisho. Sista Irene Stefani wa Consolata, ambaye Wakikuyu walimwita Nyaatha, mama mwenye huruma, alihudumia wapagazi hao Voi, Kilwa na Dar es Salaam na kuwabatiza wengi waliokuwa wakifa, kisha akaishi Gikondi katika Nyeri tangu 1920 hadi alipofariki 1930. Kanisa lilimtangaza mwenyeheri mjini Nyeri tarehe 23 Mei 2015. Mtu aliyeondoka Nyeri akiitwa kwa jina la babu yake na kuzikwa Kilwa kwa jina la mtakatifu ni mtu mmoja, lakini katika karatasi ni wawili, na mtoto aliyemwacha tumboni mwa mkewe huenda alikua bila mtu wa kuyaunganisha majina hayo.

Kisha ikaja Hali ya Hatari ya 1952 hadi 1960, iliyotangazwa na serikali ya kikoloni dhidi ya wapiganaji wa Mau Mau waliokuwa msituni, ambapo zaidi ya watu milioni moja wa Mlima Kenya walihamishiwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki, vipatavyo 800, na wanaume wengi wakapelekwa kizuizini. Wakati huohuo serikali iliunganisha mashamba yaliyotawanyika na kuyaandikia hati, na kamati za wazee zikalazimika kusikiliza ni nani ana haki katika mbari ipi, mbari ikiwa ni tawi la ukoo linalomiliki ardhi ya babu mmoja. Kumbukumbu za kamati hizo zina thamani ya pekee kwa suala hili, kwa sababu zinaonyesha ni nani aliyekubaliwa na mbari kuwa mtoto wao, na kukubaliwa huko hakukuhitaji kila mara damu ya baba.

Mila zenyewe zilikuwa zimelitafakari jambo hili kwa kina kabla ya kuja kwa karani na padri. Mgeni aliyekosa ukoo aliweza kuingizwa katika ukoo kwa ibada ya kuzaliwa upya iliyoambatana na kuchinja mbuzi, na tangu siku hiyo alihesabiwa mtoto wa ukoo huo pamoja na wajibu wake wote. Mjane asiye na mtoto wa kiume aliweza kutoa mahari na kuoa mwanamke, ili watoto wa mwanamke huyo wahesabiwe wa marehemu mumewe na jina lake lisizimike. Mwanamke aliyefiwa alirithiwa na ndugu wa mumewe. Jomo Kenyatta mwenyewe, rais wa kwanza wa Kenya, alipitia mkondo huo: baba yake Muigai alikufa, mama yake Wambui akarithiwa na Ngengi ndugu wa marehemu, na kijana aliyekuja kubatizwa Johnstone Kamau katika misheni ya Waskoti ya Thogoto mwaka 1914 alijulikana kama Kamau wa Ngengi, huku mwaka wake wa kuzaliwa ukibaki suala la kukisia. Anayetafuta baba mmoja katika maandishi hayo hukuta majina mawili, na yote mawili ni ya kweli kwa namna yake.

Ushahidi wenye uzito zaidi umo katika simulizi ya chanzo cha Wakikuyu wote. Gikuyu na Mumbi, waliokaa Mukurwe wa Nyagathanga katika Murang'a, walipata mabinti ambao koo zote huitwa kwa majina yao, nao huhesabiwa kuwa tisa kamili, yaani tisa na mmoja zaidi, kwa kuwa kuhesabu watoto hadi kumi kulikuwa mwiko. Yule wa mwisho, Wamuyu, katika masimulizi yanayojulikana zaidi hakuolewa kama dada zake, bali alizaa akiwa nyumbani kwa wazazi wake, na watoto wake wakawa ukoo wa Aicakamuyu. Simulizi haimtaji baba yao na haiombi radhi kwa kutomtaja. Jamii iliyohesabu urithi wa ardhi kwa upande wa wanaume iliweka katika mizizi yake mama asiye na mume, na ukoo wake ukapewa nafasi kati ya koo nyingine.

Maandiko matakatifu yanakwenda njia iliyo karibu na hiyo, ingawa kwa hoja zake yenyewe. Injili ya Mathayo inaanza na orodha ndefu ya waliozaa na waliozaliwa, ikiwataja njiani Tamari, Rahabu, Ruthu na mke wa Uria, wanawake ambao habari zao zina mambo ambayo familia nyingi zingependa kuyafunika; kisha orodha inapofika kwa Yosefu, mtindo wa kusema fulani alimzaa fulani unakatika, naye anatajwa kuwa mume wa Mariamu. Luka anasema waziwazi kwamba Yesu alidhaniwa kuwa mwana wa Yosefu. Kwa hiyo madai ya Yesu kuwa wa ukoo wa Daudi yanapita kwa mtu ambaye hakumzaa, na katika Mathayo tendo linalomfanya Yosefu kuwa baba ni kumpokea mkewe na kumpa mtoto jina. Mkristo wa Tumutumu au wa misheni ya Nyeri, aliyetoka katika jamii ambapo kupewa jina la babu ni kuingizwa katika ukoo, hakuwa na sababu ya kuliona jambo hilo kuwa geni.

Kurani, katika aya ya 5 ya Sura ya Al-Ahzab, inaziweka nguzo hizo mbili bega kwa bega: inaamuru watoto wa kulea waitwe kwa majina ya baba zao wa kweli, kwa kuwa hivyo ndivyo uadilifu ulivyo mbele ya Mwenyezi Mungu, kisha inasema kwamba ikiwa baba zao hawajulikani, basi watu hao ni ndugu katika dini na ni watu wa karibu. Amri ya kwanza inakataza kughushi nasaba. Ya pili inakataza kumtupa asiye na nasaba. Sheria ya Kiislamu iliongeza kanuni kwamba mtoto ni wa kitanda, yaani wa ndoa aliyozaliwa ndani yake, nayo hekima ya Waswahili ikalifupisha jambo hilo kwa methali kwamba kitanda hakizai haramu.

John Mbiti, mwanateolojia mzaliwa wa Kitui, alieleza katika kitabu chake cha 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika kwamba marehemu hubaki katika kipindi alichokiita Sasa maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina, na huzama katika Zamani anapokufa wa mwisho aliyemjua. Maandishi yameleta hali ambayo mpango huo haukuielezea: jina lililohifadhiwa katika daftari ingawa hakuna aliye hai aliyemjua mwenye jina. Mhenga wa namna hii hawezi kujitetea wala kusahihisha anayosemewa, na kwa hiyo kitukuu anayemwandika ana mamlaka makubwa juu yake, mamlaka yanayodai uaminifu.

Yaliyosemwa juu ya kukubali yasichukuliwe kuwa damu haina maana. Kuna tofauti kubwa kati ya mtoto aliye hai na mhenga aliyekwisha kuzikwa, kwa sababu mtoto aliye hai anamdai baba yake chakula, karo na jina. Sheria ya Kenya ya 1959 iliyomwezesha mama kudai matunzo kwa baba wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ilifutwa na Bunge mwaka 1969, na kwa miaka mingi kifungu cha 12 cha Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo kilizuia jina la baba asiyeoa kuandikwa isipokuwa yeye na mama waombe kwa pamoja. Katika cheti cha mtoto wa namna hiyo, mahali pa jina la baba palijazwa herufi X kadhaa zilizofuatana. Mwezi Mei 2016 Mahakama Kuu, kwa hukumu ya Jaji Mumbi Ngugi, ilitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba ya 2010, ambayo katika ibara ya 53 inampa kila mtoto haki ya malezi ya wazazi wote wawili, wawe wameoana au hawakuoana. Anayeshikilia methali kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea, hana budi kukubali pia kwamba aliyezaa hawezi kuikwepa kazi kwa kujificha.

Mji wa Nanyuki umelionyesha jambo hili kwa uwazi. Jeshi la Uingereza limefanya mazoezi katika eneo hilo tangu Kenya ilipopata uhuru, na wapo watoto waliozaliwa na wanawake wa huko kwa askari waliorudi kwao bila kuacha anwani. Katika miaka ya karibuni mawakili wa Kenya na wa Uingereza wameshirikiana na wataalamu wa vinasaba, yaani chembechembe za urithi zilizomo katika karibu kila seli ya mwili, kuwatafuta baba hao, na baadhi ya kesi zimefika katika Mahakama Kuu ya London. Njia yenyewe ni kulinganisha vinasaba vya mtoto na vya watu waliojiandikisha katika hazina za kibiashara, kumpata binamu wa mbali, kisha kushuka katika matawi ya ukoo wa binamu huyo hadi kwa mtu aliyekuwa Nanyuki wakati husika.

Njia hiyohiyo haimfikishi mbali anayemtafuta mzaa babu wa mwaka 1899. Mtu hupokea nusu ya vinasaba vyake kwa kila mzazi, karibu robo kwa kila babu au nyanya, karibu thumni kwa kila mzazi wa babu, na hisa hiyo huendelea kupungua kwa nusu katika kila kizazi. Kromosomu Y, inayopita kutoka baba hadi mwana bila kubadilika sana, inaweza kuonyesha kwamba wanaume wawili wana babu mmoja wa upande wa kiume, lakini haisemi babu huyo aliitwa nani. Zaidi ya hayo, hazina hizo zimejaa watu wenye asili ya Ulaya, na Waafrika waliomo ni wachache, ndiyo sababu askari wa Uingereza hupatikana kupitia binamu zake, huku mkulima wa Nyeri aliyekufa zaidi ya karne moja iliyopita akibaki gizani.

Wajibu wa mwandishi wa ukoo unafuata hapo. Kila jina aliandike pamoja na chanzo chake, akitenga yaliyoshuhudiwa na maandishi, yaliyosimuliwa na wazee, na yale anayoyakisia mwenyewe. Wazee wakitofautiana, kauli zote mbili ziandikwe na waliozisema watajwe, ikiwa wameridhia. Asimkodishie mhenga wake baba mashuhuri, awe chifu, shujaa wa msituni au mlowezi tajiri, kwa sababu baba wa kubuni humfuta baba wa kweli, na pia humdhulumu mama kwa kumpachika uhusiano ambao hakuwa nao. Asitangaze siri ya walio hai bila idhini yao. Na jina la mama, ambalo mara nyingi ndilo pekee lililothibitika, aliweke mwanzo wa ukoo kwa heshima ileile ambayo Wakikuyu walimpa Wamuyu.

Ukoo unaoandika kwa ukweli kwamba baba wa mhenga wao hajulikani haujapungukiwa na kitu, kwa kuwa aliyelelewa, akapewa jina na kuachiwa shamba alikwisha kukubaliwa na waliokuwa na haki ya kumkubali. Wazee wa Mlima Kenya waliozaliwa kabla ya usajili wa 1963 sasa wamepita miaka sitini, na wengi wao hawana kumbukumbu nyingine ya kuzaliwa kwao ila ile waliyonayo kichwani na ile iliyomo katika madaftari ya parokia. Waulizwe sasa, kwa adabu na kwa subira, na wanayoyasema yaandikwe kama walivyoyasema.